Zloti Kumi

Sheria ni nyepesi, hata mtoto angezishika:
mmoja anapewa zloti mia, azigawe apendavyo;
mwenzake, nyuma ya ukuta wa mbao,
aseme ndiyo au aseme hapana.
Akisema ndiyo, kila mtu na chake.
Akisema hapana, fedha zinarudi kashani
na wote wawili wanaondoka na makoti yao tu.

Mimi ni wa kati. Kazi yangu kubeba karatasi
kutoka upande huu wa mbao hadi upande ule,
nimevaa raba, ili hatua zangu zisiseme kitu.
Nalipwa kwa saa. Mimi sichezi.

Chumba kiko chini ya ardhi, kitivo cha uchumi,
Łódź, mji ambao jina lake ni mashua
na mito yake wameizika chini ya lami.
Februari. Bomba la joto linagonga ukutani
kama mgeni asiyefunguliwa.

Kushoto, Bogumil, miaka ishirini na mmoja,
amesoma kwamba mwenye akili timamu
hukubali hata senti, maana senti ni zaidi ya sufuri.
Akaandika: mimi tisini, wewe kumi.
Akaifuta kumi.
Akaiandika tena, kumi ileile, kwa mkazo zaidi.
Vumbi la kifutio niliona. Kusema sikuruhusiwa.

Kulia, Bi Genowefa,
miaka ishirini na sita kwenye vitanda vya kufumia pamba,
sikio la kushoto alikiachia kiwanda.
Tangazo aliliona kwenye duka la mikate,
akaja kwa miguu, theluji ikigeuka tope.
Nikamwekea karatasi. Akavaa miwani. Akaivua.
Kumi: mkate, tiketi ya tramu ya kurudia,
na chenji ya kukamata mkononi njiani.

Akaweka alama kwenye hapana,
taratibu, kama mtu anayekata uzi kwa meno.

"Mama," Dakta Lubomira akamuuliza baadaye,
"kumi si zaidi ya sufuri? Haba na haba..."
"Hujaza kibaba, najua. Kibaba cha nani?"

Kisha, bila kuulizwa:
"Mwaka wa tisini na mbili, kiwanda kilipofungwa,
mkurugenzi alituita mmoja mmoja, mlango wa nyuma.
Mezani jora moja la shuka. Chukua au acha.
Nilichukua. Tulikuwa mia sita,
hakuna aliyejua mwenzake amejibu nini.
Hizi mbao zenu zilikuwepo hata siku ile,
sema hatukuziona.
Shuka zilikuwa nzuri, sitasema uongo.
Ya mwisho imechanika juzi."

Dakta aliandika: hasira.
Akatia alama ya kuuliza.

Nami nikawa napiga hesabu zangu pembeni:
ametoa kumi, zake, za mkate,
ili mtu asiyemjua akose tisini.
Ni ghali hiyo, au ni rahisi?
Na Bogumil, je, kama angejua ni mama huyu,
na sikio lake, na tope kwenye buti zake?
Hesabu ilikataa kufunga. Nikaiacha.

Kwenye korido, penye ndoano za makoti,
walikutana bila kujuana. Ndivyo sheria itakavyo.
Zipu ya kijana ilikuwa imekwama,
uzi wa bitana umeingia kwenye meno yake,
naye akivuta, akivuta, akizidi kuikaza.
"Acha nguvu," mama akasema. "Shika huku chini."
Akashika. Yeye akainama,
akaukata ule uzi kwa meno, akapandisha zipu hadi kidevuni,
akampiga kofi dogo begani, kama mfumaji anayemaliza jora.

Wakatoka mlango mmoja, kila mtu na tope lake.

Nilijua majina yote mawili.
Nilivua raba, nikavaa viatu vyangu vya nyumbani,
vile vinavyopiga kelele.